Jinsi ya kuchora fonti yako ya Commodore 64, kutoka kwenye karatasi mpaka kuigawa bure

Huu ni mwongozo wa kuchora fonti ya vidoti ya Commodore 64 (C64), kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, alafu kuigawa bure, na nikisema kuigawa namaanisha mtu mwingine aweze kuitumia kweli, sio aangalie picha asifie aondoke. Nimechagua mashine hii kwa sababu seti nzima ya herufi zake ni baiti 2,048 tu, hamna mikunjo ya hesabu kama fonti za sa hivi, ukijua kujumlisha inatosha. Na ukishaielewa hii basi ya IBM PC au Amiga au zile Macintosh za kwanza unaingia kirahisi maana wazo ni lilelile, kinachobadilika ni ukubwa wa kiboksi na mahali pa kuiweka kwenye memori.

Kingine, fonti nyingi za vidoti unazokutana nazo zimejaribiwa kwa sentensi za Kiingereza, ukija kuandikia Kiswahili ndo unaona zinapochechemea. Sisi hatuna vialama juu ya herufi kama Kifaransa, hiyo ni nafuu kubwa sana kwenye mashine ndogo, ila tuna mw kila kona (mwalimu, mwezi, mwenyewe, mwanamke), tuna ng' ya ng'ombe, na bei zetu zinaishia na /=. Hayo matatu ndo yatakupima, kwa hiyo nitayakalia zaidi kuliko mengine.

Unachohitaji: daftari la hesabu lile la vimraba au karatasi ya grafu, penseli na kifutio, na kompyuta yoyote yenye VICE, hiyo ni emuleta ya C64, yaani programu inayoiga mashine hiyo, ni ya bure na ipo ya Windows, Mac na Linux. Kama una mashine halisi hongera, hatua ni zilezile.

HATUA YA 1: Elewa kiboksi

C64 ilitoka 1982. Skrini yake ya maandishi ina mistari 25 na kila mstari unabeba herufi 40, kila herufi inakaa kwenye kiboksi cha vidoti 8 kwa 8, ndo maana skrini nzima ni 320 kwa 200. Kila mstari wa kiboksi ni baiti moja. Vidoti nane vya mstari, kuanzia kushoto, vina thamani 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, unajumlisha vile vilivyowaka tu basi. Hii hapa A iliyokuja na mashine yenyewe:

...##... 24
..####.. 60
.##..##. 102
.######. 126
.##..##. 102
.##..##. 102
.##..##. 102
........ 0

Mstari wa kwanza umewaka 16 na 8, jumla 24. Wa tatu ni 64+32+4+2, jumla 102. Herufi moja ni namba nane, umemaliza. Herufi zipo 256 kwenye seti moja, mara nane, unapata ile 2,048 niliyosema, na nusu ya pili, yaani kuanzia namba 128, ni herufi zilezile zilizogeuzwa rangi, ambazo mashine inazitumia kwa kasa inayopepesa (kile kialama kinachoonyesha utakapoandika). Kumbuka hiyo nusu ya pili, tutarudi kwake kwenye kodi, yaani maandishi ya programu.

Angalia pia miguu ya A ina unene wa vidoti viwili. Hawakufanya hivyo kwa urembo. C64 watu wengi waliichomeka kwenye televisheni ya nyumbani, na kwenye TV ya zamani kidoti kimoja chembamba cha wima kinamwaga rangi pembeni na kufifia, viwili vinashika. Kwa hiyo amua mapema: fonti yako itaonekana wapi? Kama ni mashine halisi na TV, wima weka viwili. Kama ni emuleta na skrini za leo, kimoja kinatosha na utapata nafasi ya kutosha ndani ya herufi. Mi hapa naenda na viwili kwa sababu ndo ngumu, ukiiweza hiyo nyingine ni mteremko. Mistari ya mlalo haina shida hiyo, iache kidoti kimoja.

HATUA YA 2: Piga mistari ya kukaa

Kabla ya kuchora herufi yoyote chora kiboksi chako cha mfano na uweke alama mbili. Herufi kubwa zinaanzia mstari wa 1 na kukaa kwenye mstari wa 7. Herufi ndogo zinaanzia mstari wa 3, nazo zinakaa kwenye wa 7, yaani zina urefu wa vidoti vitano. Mstari wa 8 unabaki kwa ajili ya mikia ya g, j, p, q na y, na kwa herufi nyingine zote unaachwa wazi la sivyo mstari wa juu utagusana na wa chini.

Mkia wa kidoti kimoja haueleweki, p inaonekana kama o yenye uchafu. Ujanja uliotumika kwenye fonti ya mashine ni kupandisha tumbo: tumbo la p na g linaishia mstari wa 6 badala ya 7, hapo mkia unapata mistari miwili. Ukiangalia kwa makini p imepanda kidogo kuliko a ya pembeni yake, lakini kwa usomaji wa kawaida hamna anayegundua. Kwa Kiswahili usiidharau hii, andika "nyingi" au "pengine yupo" uone mikia ilivyo mingi.

Kushoto acha safu ya kwanza wazi, kulia acha ya mwisho, herufi inakaa katikati na upana wa sita. Hizi ni fonti ambazo kila herufi ina upana sawa, kwa hiyo i na m zinapewa chumba kilekile. Macintosh ya 1984 ililikwepa hili, fonti ambazo Susan Kare aliwachorea Apple nyingi zilikuwa na upana tofauti kwa kila herufi, i nyembamba m pana, ila ile mashine ilikuwa inachora maandishi yake kama picha. Sisi tuko kwenye viboksi, hamna kujitanua.

HATUA YA 3: m na w, hapa ndo kwenye kazi

Piga hesabu. m ina miguu mitatu. Kila mguu vidoti viwili ni sita, na katikati kuna nafasi mbili za kidoti kimoja, jumla nane. Kiboksi kimejaa chote na herufi inayofuata imegusana nayo. Fonti ya mashine ilitatua kwa kujaza, m yake ndogo ni 0,0,102,127,127,107,99,0, ambayo ni kama donge lenye meno. Kwa Kiingereza inapita maana m na w hazikai pamoja. Andika "mwamwi" au "mwanamwali" kwa fonti hiyo uone, macho yanachoka.

Suluhisho langu: miguu ya nje inabaki minene, wa katikati unakonda. 2+1+1+1+2 ni saba. Unaruhusu m na w zitumie safu ya mwisho ya kulia, ya kushoto inabaki wazi, kwa hiyo herufi zikifuatana bado kuna kidoti kimoja cha hewa:

........ 0
........ 0
.######. 126
.##.#.## 107
.##.#.## 107
.##.#.## 107
.##.#.## 107
........ 0

Na w ni ndugu yake amegeuzwa:

........ 0
........ 0
.##.#.## 107
.##.#.## 107
.##.#.## 107
.####### 127
..##.##. 54
........ 0

Mguu wa katikati kwenye TV utafifia kidogo, lakini ile ya nje inaushikilia umbo halipotei. Usijaribu kuzifanya m na w zifanane kabisa juu chini, ile 127 kwenye w ndo inayoifanya isionekane m iliyoanguka. M na W kubwa zina mistari saba kwa hiyo unaweza kuweka mshazari kidogo, hizo hazisumbui, usipoteze jioni nzima huko.

HATUA YA 4: Ile alama ya ng'

Kwenye fonti ya mashine alama hii ni 6,12,24, imelalia kulia ya kiboksi. Matokeo yake ng'ombe inasomeka kama ng kisha pengo kisha kitu kama koma kimeruka juu kimekwenda kukaa na o. Kwetu hiyo alama ni sehemu ya herufi, inatakiwa ishikamane na g. Isogeze kushoto: 48,48,96, mistari mitatu ya juu, iliyobaki sifuri. Usiibane mpaka safu ya kwanza kabisa maana hapo pengo linahamia upande wa pili kabla ya o. Jaribu na ng'ambo, ng'aa, kung'oa, mpaka jicho likubali.

Ukiwa hapohapo angalia na 5,000/= kwa pamoja. Mkwaju upite katikati ya kiboksi, na mistari miwili ya = ikae mstari wa 3 na wa 5, isikae chini sana ikaonekana imeanguka toka kwenye mkwaju.

HATUA YA 5: Herufi zilizobaki

Usianze na A ukaenda mpaka Z, utachoka kwenye F. Anza na n, o na h. n ukiigeuza una u, o ukiikata una c na e, h ukiikata shingo ni n tena ya kuhakiki, o ukiitia mguu una b, d, p. Alafu chora a kwa mikono miwili kama wasemavyo, kwa utulivu, maana kwenye Kiswahili a ndo inayojirudia kuliko zote na ikiwa mbaya ukurasa mzima ni mbaya. Ya mashine ni 0,0,60,6,62,102,62,0, ni nzuri kuisoma ujifunze walivyoibana ndani ya mistari mitano.

q na x kwenye maneno yetu hazipo ila zichore, watu wana majina, wana kodi, wana majina ya mafaili. Sifuri na O kubwa zitofautishe, kwa mkato au kwa umbo, na 1 na l ndogo pia.

HATUA YA 6: Iingize kwenye mashine

Fonti ya asili iko kwenye ROM, memori ya kusomwa tu, huwezi kuiandikia. Unachofanya ni kuinakili kwenda kwenye RAM, memori inayoandikika, unaelekeza chipu ya video isome kule, alafu unabadilisha herufi moja moja. Hii hapa programu, ukiwa unapesti kwenye VICE iandike kwa herufi ndogo kama ilivyo, ukiweka kubwa itakuwa alama za michoro na utapata kosa la sintaksi:

10 poke 52,48:poke 56,48:clr
20 poke 56334,peek(56334)and254
30 poke 1,peek(1)and251
40 for i=0 to 2047:poke 12288+i,peek(55296+i):next
50 poke 1,peek(1)or4
60 poke 56334,peek(56334)or1
70 print chr$(8)
80 poke 53272,(peek(53272)and240)+12
90 read c:if c<0 then end
100 for r=0 to 7:read b
110 poke 12288+c*8+r,b
120 poke 13312+c*8+r,255-b
130 next:goto 90
140 data 13,0,0,126,107,107,107,107,0
150 data 23,0,0,107,107,107,127,54,0
160 data 39,48,48,96,0,0,0,0,0
170 data -1

Mstari wa 10 unaizuia BASIC, lugha ya programu ya mashine, isipande juu ya eneo letu. Wa 20 unazima ile saa inayosoma kibodi, wa 30 unafunua ROM ya herufi, hivi viwili lazima viende pamoja na ndani ya programu, ukivipiga kimoja kimoja kwa mkono mashine inaganda. Wa 40 unanakili seti yenye herufi ndogo, inachukua muda kidogo na kibodi imezimwa usidhani imekufa. Wa 70 unafunga ile kubadilisha seti kwa kubonyeza Commodore na Shift, kwa sababu ingeenda kusoma baiti 2,048 mbele ambako hatujaweka kitu, utaona takataka. Mstari wa 120 ndo ile nusu ya pili niliyosema, 255 kutoa namba yako inageuza vidoti vyote, ukiusahau kasa ikipita juu ya m itaonyesha m ya zamani.

Namba ya kwanza kwenye data ni namba ya herufi kwa mashine hii: a ndogo ni 1, b ni 2, m ni 13, w ni 23. Kubwa zinaanzia 65. Namba na alama za kawaida zipo kati ya 32 na 63. Ongeza mistari ya data kadiri unavyochora, -1 ibaki mwisho. Ukibonyeza Run/Stop na Restore fonti inapotea machoni lakini ipo, andika poke 53272,28 inarudi.

Sasa andika aya nzima ya Kiswahili kwenye skrini, sio alfabeti. Alfabeti inadanganya, kila herufi peke yake ni nzuri. Jaza mistari yote 25 alafu sogea nyuma uangalie wapi pameiva weusi na wapi pana matundu.

HATUA YA 7: Isevu

Fungua monita ya VICE (dirisha lake la amri, sio skrini) na uandike:

save "fonti.prg" 0 3000 37ff

Hapo unapata faili la baiti 2,050, mbili za mwanzo ni anwani ya kukaa. Kuiweka kwenye faili la d64, linaloiga flopi nzima, tumia c1541 inayokuja na VICE:

c1541 -format "fonti,01" d64 fonti.d64 -attach fonti.d64 -write fonti.prg fonti

Inakula bloku 9 kati ya 664 za flopi ya 1541, kiendeshi cha diski cha C64. Anayeipokea anaandika load"fonti",8,1 kisha new kisha poke 52,48:poke 56,48:clr kisha ile poke 53272,28. Hiyo new muhimu, bila hiyo BASIC inadhani programu yake inaishia mwisho wa fonti na inaanza kulalamika memori imeisha. Yaandike maelezo haya kwenye faili la LISOME, usidhani kila mtu anajua.

HATUA YA 8: Toleo la kompyuta za leo

Watakaoitumia kwenye C64 kweli ni wachache, wengi wataitaka kwenye gemu au bango. Andika kwanza faili la BDF, ni aina ya faili la fonti za vidoti, ni maandishi matupu na kila herufi ni hivi:

STARTCHAR m
ENCODING 109
SWIDTH 1000 0
DWIDTH 8 0
BBX 8 8 0 -1
BITMAP
00
00
7E
6B
6B
6B
6B
00
ENDCHAR

Ni namba zilezile kwa heksa, yaani kuhesabu kwa kumi na sita. Ile -1 inasema mstari wa 8 uko chini ya mstari wa kukaa. Kwa Unikodi, namba za herufi kwenye kompyuta za leo, herufi ndogo unajumlisha 96 kwenye namba ya C64 (13 inakuwa 109), kubwa na tarakimu hazibadiliki. Kisha ifungue kwenye Bits'N'Picas, ya bure hiyo, uitoe kama TTF, faili la fonti la kompyuta za leo, kila kidoti kinakuwa mraba.

Ile alama ya ng' iweke mara tatu, kwenye U+0027, U+2019 na U+02BC. Simu nyingi zinaibadilisha yenyewe kuwa ile iliyojikunja, na kama haipo kwenye fonti yako mtu akiandika ng'ombe katikati ya neno inachomoza alama ya fonti nyingine, inakera. Na waambie watu watumie saizi za 8, 16, 24, 32, nje ya hapo vidoti vinakuwa na upana usio sawa.

HATUA YA 9: Kuigawa

Miaka ya themanini fonti hizi zilisafiri kwa flopi za mkono kwa mkono, kwa modemu, na hata kwa mistari ya data iliyochapishwa kwenye majarida, unakaa unaipiga yote kwa kidole. Modemu ya biti 300 kwa sekunde ilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde, fonti yetu ingechukua dakika moja na ushee. Kilichoua nyingi ya zile fonti ni maneno ya mkato: mwenye kazi aliandika "bure" akaishia hapo. Bure kuitazama? Kuibadilisha? Kuiweka kwenye gemu inayouzwa? Leo hamna wa kumuuliza, basi inaachwa.

Kwa hiyo weka laiseni. Mi napendekeza SIL Open Font License toleo 1.1, ya 2007, imeandikwa kwa ajili ya fonti hasa: mtu anaitumia, anaibadilisha, anaiweka ndani ya programu hata ya kuuzwa, ila haruhusiwi kuiuza fonti peke yake, na akiibadilisha inabaki chini ya laiseni ileile. Faili lake la OFL.txt liingie ndani ya zipu. Ukiandika "kwa matumizi binafsi tu" sawa ni haki yako, lakini usiite bure, kijana anayeuza gemu yake kwa shilingi elfu mbili hawezi kuigusa.

Kabla ya kuachia hakikisha kila herufi ni yako. Kumbuka kodi yetu ilianza kwa kunakili ROM nzima, ulichosevu kina herufi zote ambazo hukuzichora, pamoja na zile alama za michoro. Zichore au zijaze sifuri, na usisahau nusu ya pili. Marekani umbo la herufi lenyewe halina hakimiliki lakini faili la fonti kama programu linaweza kulindwa, na nchi nyingine zina sheria zake, sasa kwa nini ujiingize huko kwa herufi themanini unazoweza kuchora mwenyewe.

Jina litafute lisilo na mwenyewe. Fonti za Macintosh zilianza kwa kupewa majina ya vituo vya treni vya pembeni ya Philadelphia, Overbrook, Merion, Ardmore, Rosemont, mpaka Steve Jobs alipotaka miji mikubwa ya dunia ndo zikaja Chicago, Geneva, Monaco na wenzao. Kituo cha daladala mtaani kwako kinafaa kabisa. Liwe fupi, flopi ya C64 inaruhusu herufi 16 tu kwenye jina la faili.

Ndani ya zipu weka prg, d64, bdf, ttf, OFL.txt, LISOME, picha moja yenye aya ya Kiswahili, na faili la maandishi lenye mistari yote ya data, mtu akikosa programu zote bado anaweza kuipiga kwa kidole kama zamani. Ipandishe sehemu mbili au zaidi, Internet Archive iwe mojawapo, na CSDb, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za C64, kama unawalenga wa C64 wenyewe. Ukirekebisha herufi baadaye badilisha namba ya toleo kwenye jina la zipu na kwenye LISOME, na toleo la zamani liache palepale, kuna mtu keshaliweka kwenye gemu yake na hataki kuamka akute m imebadilika sura.